Eliya Chini ya Mretemu: Kijana Mwenzangu, Sonona Si Dhambi

Somo la kutafakari: 1 Wafalme 19:1-18

Najua wengine mnasoma huku mmejifunika blanketi, ukungu umeshuka mpaka mlangoni na simu ina asilimia kumi na mbili za chaji. Vumilia kidogo. Leo ninaomba usome mpaka mwisho, kwa sababu huenda haya si yako wewe, ni ya yule unayekaa naye benchi moja kanisani.

Chukua mfano huu. Binti wa Kidato cha Pili. Anaimba kwaya, sauti ya pili. Analelewa na bibi yake, kwa sababu mama alishafariki na baba yuko mbali. Mwaka jana alikuwa wa kwanza kufika mazoezini. Mwaka huu anachelewa, halafu haji, halafu akija anakaa nyuma. Darasani ameporomoka. Nyumbani bibi akimtuma maji anajibu kwa ukali, jambo ambalo hakuwa nalo. Kila wiki anasema kichwa kinamuuma, tumbo linamuuma. Zahanati wanapima malaria, hakuna. Usiku halali, asubuhi haamki. Ukimuuliza, "Vipi, una shida gani?" anajibu, "Hamna, nimechoka tu."

Huyo binti si mtu mmoja. Nimeweka pamoja vijana wengi tunaokutana nao. Swali langu ni hili: sisi tulimwambiaje? Mwalimu alisema ameanza mapenzi. Jirani alisema ana mapepo. Shangazi alisema amerogwa. Na sisi wanakwaya, watu wa Mungu, tulisema, "Huyu siku hizi anaringa." Na mmoja wetu, aliyejiona wa kiroho kuliko wote, akamwambia, "Mwenzangu, imani yako imepungua. Sali sana."

Jamani, yeye alikuwa anasali. Alikuwa anasali usiku kucha, kwa sababu usingizi haukuja.

Nabii aliyechoka kuishi

Sasa tufungue Biblia. Eliya tunamjua wote. Ni mtu wa moto. Pale mlima Karmeli alisimama peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali, akaomba, moto ukashuka. Kama kuna mtu ambaye huwezi kumwambia imani yake ni ndogo, ni Eliya.

Lakini geuza ukurasa mmoja tu. Malkia Yezebeli anatuma ujumbe wa kumtishia. Eliya anakimbia. Anafika Beer-sheba, na hapo Maandiko yanasema jambo dogo ambalo tunalipita haraka: anamwacha mtumishi wake. Anaingia jangwani peke yake, mwendo wa siku nzima. Anaketi chini ya mti wa mretemu na kumwambia Mungu kwamba imetosha, amchukue, kwa maana yeye si bora kuliko baba zake. Halafu analala.

Angalia vizuri. Anajitenga na mtu wa karibu yake. Amechoka. Anajiona hana thamani. Usingizi umekuwa maficho. Anatamani kufa. Biblia haituandikii cheti cha daktari, na mimi sitasema Eliya alikuwa na ugonjwa fulani. Ila kijana yeyote aliyepita katika giza hilo akisoma sura hii anajiona.

Sasa, Mungu alimjibuje? Hapa ndipo ninapotaka tukae. Mungu hakumwambia, "Eliya, baada ya yote niliyokutendea Karmeli, huna shukrani." Hakumwambia, "Wenzako wana shida kuliko wewe." Hakumhubiria hata kidogo. Alimtuma malaika. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Kula. Eliya akala, akalala tena. Malaika hakukasirika kwamba amelala tena. Alirudi mara ya pili, akamgusa tena, akamwambia ale kwa kuwa safari ni ndefu kuliko nguvu zake.

Mguso, chakula, usingizi, na mtu anayerudi mara ya pili: hiyo ndiyo ilikuwa huduma ya kwanza ya Mungu. Maneno yalikuja baadaye, kule Horebu, na hata hapo yalikuja kwa sauti ndogo ya upole, si kwa tetemeko.

Tuite jina lake: sonona

Waswahili wa siku hizi tunasema "nina stresi" kwa kila kitu. Mtihani, stresi. Bando limeisha, stresi. Lakini huzuni ya kawaida na sonona ni vitu viwili. Huzuni ina sababu unayoiona, na hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Ukipewa habari njema, unatabasamu. Sonona ni ugonjwa. Inakaa siku nyingi mfululizo, wiki mbili au zaidi, karibu siku nzima, karibu kila siku, na inakuzuia kuishi kama ulivyokuwa unaishi.

Dalili zake ni hizi. Sizisomi ili ujipime na kujitangazia ugonjwa, bali ili ujue lini pa kutafuta msaada:

- Huzuni, utupu, au kulia bila kujua kwa nini. Kwa vijana mara nyingi haionekani kama huzuni, bali kama hasira: kila kitu kinakukera.
- Vitu ulivyopenda havina ladha tena: mpira, kwaya, marafiki, hata sala.
- Kukosa usingizi, au kulala kupita kiasi.
- Kukosa hamu ya kula, au kula sana.
- Uchovu usioisha hata hujafanya kazi.
- Kushindwa kutulia na masomo, na kusahau sahau.
- Maumivu ya kichwa, tumbo au mgongo ambayo vipimo havionyeshi sababu yake.
- Kujiona hufai, mzigo, mkosaji wa kila kitu.
- Kuwaza kufa, au kuwaza kujidhuru.

Ukiona kadhaa ya hizo kwa wiki mbili, hasa huzuni ile au kukosa ladha ya mambo, usisubiri. Na hiyo ya mwisho, hata ikiwa peke yake, hata ikiwa siku moja, usisubiri.

Wala usidhani uko peke yako. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila vijana saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 duniani, mmoja ana tatizo fulani la afya ya akili. Hesabu wanakipaimara wa mwaka huu parokiani kwako. Gawa kwa saba.

Inatoka wapi?

Si jambo moja. Kuna ubongo wenyewe na damu ya ukoo: baadhi ya familia ugonjwa huu unajirudia, kama vile kisukari au shinikizo la damu. Kuna mabadiliko ya mwili wa ujana. Na kuna maisha.

Sisi wa huku tunayajua maisha hayo. Mkoa wetu wa Iringa pamoja na majirani zetu wa Njombe na Mbeya, kwa miaka mingi imekuwa kati ya mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini. Nyuma ya hesabu hizo kuna watoto waliozika wazazi wakiwa bado shule ya msingi, wakalelewa na bibi. Kuna wanaomeza dawa tangu utotoni na hawajawahi kumwambia rafiki hata mmoja. Kuna mabinti waliopelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani wakiwa wadogo, wakarudi kimya. Na yaliyowapata huko hayajulikani, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Kuna wavulana wanaobeba mbao kutwa nzima, na jioni wanaambiwa mwanaume halii. Basi msimu wa ulanzi ukifika wanakunywa, si kwa sherehe, ila ili wasisikie kitu. Kaka yangu, ulanzi hautibu. Pombe inaiazima sonona nguvu. Leo unasahau, kesho inarudi na riba.

Na kuna jambo moja linaloniumiza, acha niliseme. Kuna utani unaorushwa nchi nzima, kwamba Mhehe akiudhiwa kidogo tu anajiua. Tunacheka kwenye basi, tunacheka kwenye harusi, wengine wanamtaja hata Mtwa Mkwawa na mwaka 1898, kana kwamba yaliyompata mtawala aliyekuwa akisakwa na jeshi la Wajerumani ni tabia ya watoto wa shule wa leo. Nami nimecheka. Lakini siku moja fikiria yule binti wa kwaya amekaa hapo, amebeba giza lake, anasikia kwamba kabila lake ndivyo lilivyo. Tumemwambia nini? Tumemwambia hakuna njia nyingine. Hapana. Hakuna kabila ambalo Mungu aliliumba kwa ajili ya kukata tamaa. Utani huo tuuache. Utani na watani wetu tunao mwingi, hautaisha tukiondoa huu mmoja.

"Lakini si ni dhambi?"

Swali hili mmeniuliza wengi. Kukata tamaa kwa kujua na kutaka, kuukataa wema wa Mungu kwa makusudi, hilo Kanisa linafundisha kuwa ni dhambi. Sonona si hiyo. Kuugua si kosa. Hakuna anayekwenda kitubio kuungama malaria.

Ndiyo maana kuna kijana anaungama leo, anaungama wiki ijayo, na bado moyo ni mzito, akidhani Mungu amemnyima msamaha. Mdogo wangu, msamaha ulishaupata mara ya kwanza. Uzito uliobaki ni wa ugonjwa, na ugonjwa una mlango wake. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatuagiza kumheshimu tabibu, kwa kuwa ni Bwana aliyemuumba, na anasema dawa zimetoka ardhini kwa mkono wa Bwana, mwenye busara hazidharau. Katika sura hiyohiyo anasema usali unapougua, kisha umpe tabibu nafasi yake. Sala na tabibu viko pamoja, hakuna anayemfukuza mwenzake.

Na kuhusu mapepo: Kanisa letu lina utaratibu. Hakuna ruhusa ya mtu yeyote kumfanyia mwingine maombi makuu ya kupunga pepo bila kibali cha askofu, na Katekisimu inafundisha wazi kwamba ugonjwa, hasa wa akili, ni jambo la matabibu, na lazima kutofautisha kwanza. Kwa hiyo ukimwona mtu anamfungia kijana ndani siku tatu bila chakula akidai anamwombea, huo si Ukatoliki. Malaika wa Eliya alileta chakula, hakukiondoa.

Kama bado unaona aibu, mfahamu Mtakatifu Louis Martin, baba yake Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Mwaka 1889 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen, Ufaransa, akakaa huko kama miaka mitatu. Watu wa mji walinong'ona, kama sisi tunavyonong'ona. Tarehe 18 Oktoba 2015 Baba Mtakatifu Fransisko alimtangaza mtakatifu pamoja na mkewe Zélie. Hospitali ya akili haikumzuia kufika mbinguni.

Na Yesu mwenyewe, katika bustani ya Getsemani, hakuficha. Aliwaambia rafiki zake watatu kwamba roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, akawaomba wakeshe naye. Kama Mwana wa Mungu aliomba wenzake wakae karibu, wewe ni nani hata useme, "Nitajikaza mwenyewe"?

Inatibika. Hatua ni hizi

*Ya kwanza: sema na mtu mzima mmoja.* Bibi, mama mdogo, mwalimu wa malezi, katekista, paroko, sista, mlezi wa TYCS au VIWAWA. Kama maneno hayatoki, anza hivi: "Shikamoo mama. Nina jambo. Siko sawa, na imekuwa siku nyingi." Basi, inatosha. Akikudharau, usifunge mdomo. Nenda kwa wa pili. Hata malaika alirudi mara ya pili.

*Ya pili: nenda kituo cha kutolea huduma za afya.* Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Usiseme "kichwa" tu, sema na usingizi, na machozi, na mawazo. Mganga atakupima pia mambo mengine, maana upungufu wa damu na magonjwa mengine yanaweza kuleta uchovu kama huo. Ikihitajika utapewa rufaa, Mafinga, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa. Wa upande wa Mbeya mna Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ni ya taifa kwa magonjwa ya akili, na siyo kichekesho, ni mahali watu wanapotibiwa.

*Ya tatu: kubali tiba na muda wake.* Kwa sonona isiyo kali, mara nyingi tiba ya kwanza ni mazungumzo: unakaa na mtu aliyefundishwa, mnatenganisha mawazo ya kweli na mawazo ya ugonjwa, mnapanga hatua ndogo ndogo za wiki. Sonona ikiwa kali zaidi, daktari anaweza kuongeza dawa. Dawa hizo hazifanyi kazi kama panado. Zinachukua wiki kadhaa ndipo uone nafuu, na wiki za mwanzo kijana anatakiwa awe na mtu wa kumwangalia kwa karibu na kumrudisha kwa daktari akizidiwa. Usiache kwa sababu umepata nafuu, wala usimpe rafiki yako dawa yako. Anayekupangia kuacha ni daktari.

*Ya nne: rudisha mwili kidogo kidogo.* Kulala na kuamka saa zilezile. Kula hata kama hamu haipo. Kutembea kwenye jua pale ukungu unapofunguka. Kuzima simu mapema usiku. Haya peke yake hayatoshi kwa anayeugua sana, lakini ndiyo mkate na chombo cha maji.

*Ya tano: sala fupi.* Ukishindwa rozari nzima, shika fumbo moja. Ukishindwa fumbo, taja jina la Yesu. Ukishindwa hata hilo, sisi wa jumuiya tutasali kwa niaba yako. Unajua Zaburi ya 88? Inaanza kwa kilio na inaisha gizani, haina hata mstari wa furaha mwishoni. Na bado ni sala, imo ndani ya Biblia. Kwa hiyo kilio chako nacho ni sala. Na Mpako wa Wagonjwa si wa waliokaribia kufa tu. Anayeugua sana amwone paroko amuulize.

Wewe rafiki, wewe mzazi

Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alikuwa na wagonjwa wengi na wahudumu wachache mno. Akawafundisha bibi wa mtaani. Bibi hao wanakaa kwenye mabenchi nje ya vituo vya afya, wanawasikiliza wenye sonona, wanawasaidia kupanga hatua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabenchi na bibi! Sisi hatuna? Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ina benchi na ina bibi. Kinachokosekana ni kufundishwa, na kuacha umbea.

Kwa hiyo, rafiki: ukiona mwenzako amebadilika, msogelee. Usianze na ushauri. Uliza, kisha nyamaza. Ukiogopa kwamba anawaza kujiua, muulize waziwazi, kwa upole. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi kunampa nafasi ya kupumua. Akisema ndiyo, usiahidi kutunza siri. Baki naye, mwite mtu mzima, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Nyumbani, dawa za shambani na za hospitali zifungiwe, ufunguo akae nao mtu mzima. Kuna pia Simu ya Huduma kwa Mtoto, namba 116, unapiga bure Tanzania nzima.

Mzazi unayesoma kwa simu ya mwanao: usiseme, "Sisi wakati wetu hatukuwa na haya." Yalikuwepo, ila yalizikwa bila jina. Nauli ya Mafinga unayoona ni kubwa, ungeitafuta angevunjika mguu.

Na kama katika ukoo wako kuna aliyeondoka kwa njia hiyo, usibebe mbinguni hukumu ambayo si yako. Kanisa linafundisha kwamba mateso makali ya nafsi yanaweza kupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Tunamwombea. Weka nia ya Misa, taja jina lake bila aibu.

Elfu saba

Nimalizie na Eliya. Kule Horebu alimwambia Mungu mara mbili kwamba amebaki peke yake. Alikuwa anaamini kabisa. Mungu akamjibu kwamba wako elfu saba Israeli ambao hawakumpigia Baali magoti, tena akampa Elisha atembee naye. Ugonjwa ulimwambia, "Uko mmoja." Mungu alisema, "Mko elfu saba."

Yule binti wa sauti ya pili, ninayemwombea leo ni yeye. Kama ni wewe, kesho asubuhi mwambie bibi. Kiti chako kwenye kwaya kipo, hatujampa mtu.

Kazi ya wiki: Chagua mtu mmoja aliyepotea kwenye jumuiya au kwaya yenu. Nenda kwake, usipige simu. Beba kitu, hata viazi au mkate. Usimuulize kwa nini haji. Kaa naye. Na wiki ijayo, rudi.

Tusali: Ee Bwana, uliyemwona Eliya amelala chini ya mti na hukumkemea, waangalie vijana wetu waliolala bila usingizi usiku huu. Watumie mtu wa kuwagusa, mganga wa kuwatibu, na rafiki atakayerudi mara ya pili. Tuondolee maneno yanayoumiza. Utufanye sisi tuwe wa karibu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Dimfna, msimamizi wa wanaougua akili, utuombee.
Mtakatifu Louis Martin, utuombee.
Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, utuombee.